Galaksi Nilizozichambua Kama Kahawa ya Wageni

Uingereza,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Mpe na Baba shikamoo yake, umwambie asikae nje jioni bila koti, ingawa najua umeshamwambia na hakusikia. Mimi mwanao ni mzima. Kile kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimepona, ninakula na ninalala. Hofu yangu ni kwenu. Goti lako linaendeleaje? Mvua zimewafikia huko Songambele, au bado zinaishia Nkwenda kama mwaka ule? Na ile migomba ya upande wa bondeni iliyoingiwa na fukusi, mmeing'oa au Baba bado anaionea huruma?

Barua yako ilinifikia wiki mbili zilizopita. Niliijua kabla ya kuifungua, kwa zile herufi zako za darasa la watu wazima. Nilifurahi kwamba safari hii hukumwomba Mchungaji akuandikie, maana yeye hupunguza maneno yako na kuongeza ya kwake. Umeniuliza mambo matatu: ninakula nini, ninafanya kazi gani hasa, na ninarudi lini, kwa sababu akina mama wa usharika wameshanunua vitenge vya sare na wanataka kujua siku ya kumpokea Daktari. Nitajibu yote. Lile la tatu ndilo lililonifanya nikae wiki mbili bila kushika kalamu, kwa kuwa linahusu huo udaktari wenyewe, na habari yake si kama mnavyoitarajia. Ninaliweka mwisho kwa makusudi. Ukilijua kabla ya lile la pili, utanihukumu kabla hujanisikia. Usiruke kurasa, Mama, nakujua.

La kwanza ni jepesi. Ninakula viazi. Ndizi ziko, lakini ni zile za kumenya na kula, zinazotoka nchi za mbali kwa meli. Siku moja nilipata mbichi kwenye duka la Mhindi nikazipika na maharage. Hazikulainika, zilikaa kwenye sufuria kama vipande vya kuni, na mama mwenye nyumba akaja kuuliza kama kuna kitu kinaungua. Nilizimaliza zote hivyo hivyo, kwa ukaidi tu.

Sasa kazi. Usiku usio na mwezi, ukitoka nje, unauona ule ukanda mweupe unaokatiza anga. Zile ni nyota zisizohesabika, na jua letu ni mojawapo. Mkusanyiko wote huo unaitwa galaksi. Ziko galaksi nyingine nyingi, mbali sana, hata darubini kubwa inaziona kama vidoa tu. Baba anawaambia watu kwamba ninakesha nikitazama mbinguni. Mwambie apunguze chumvi. Picha zinapigwa na darubini iliyo juu ya mlima katika nchi nyingine, zinaletwa kwetu kwenye kanda, nami ninazitazama mchana kwenye kompyuta, nimekaa kwenye kiti, chai iko pembeni.

Tunachotafuta ni uzito. Najua utauliza galaksi inapimwaje uzito, inatundikwa kwenye mizani ya kahawa ya chama cha msingi? Hapo ndipo penye ufundi. Kumbuka tone la mvua linavyokaa juu ya jani la mgomba. Mishipa ya jani iliyo chini ya tone unaiona imevimba na kupinda, kumbe jani halina tatizo, ni tone lililoupinda mwanga. Huko mbali nako kuna mahali ambapo galaksi nyingi zimejikusanya pamoja, na uzito wake unaupinda mwanga unaopita karibu. Galaksi zilizo nyuma ya kundi hilo, mbali zaidi, tunaziona zimevutwa. Zinaonekana ndefu, na baadhi ni nyembamba zilizopinda kama mundu. Ukipima zimevutwa kiasi gani na zimelala kuelekea wapi, unaweza kuchora ramani ya uzito uliozivuta, uko wapi na ni mkubwa kiasi gani. Linaloshangaza ni kwamba uzito huo huwa mkubwa sana kuliko nyota zinazoonekana pale. Kuna kitu kingine kizito kisichotoa mwanga wowote. Ni nini, hakuna anayejua. Hata Profesa anayenisimamia hajui, naye alianza kazi hii kabla sijazaliwa.

Picha moja ina vidoa maelfu. Vingine si galaksi kabisa, ni mikwaruzo ya kamera, au galaksi mbili zilizopandana zikaonekana moja, au kipande kilichokatwa na ukingo wa picha. Hivyo lazima viondolewe kabla ya kupima, vinginevyo hesabu inaharibika. Kazi hiyo hufanywa kwa jicho, kidoa kimoja kimoja. Nilipofika hapa nilipewa kazi hiyo. Profesa alikaa na mimi asubuhi moja, akanionyesha machache, akaniambia niondoe vyote vyenye kasoro nibakize vilivyo safi, kisha akarudi ofisini kwake.

Hapa ndipo wewe unapoingia, Mama. Unakumbuka tulivyokuwa tukichambua kahawa za kutafuna, zile akamwani ulizokuwa ukitayarisha nyumba ikitegemea wageni. Ukishazichemsha na majani yako yenye harufu na kuzianika, ulinikalisha mkekani kwenye rundo lote, nami nilikuwa sijaanza hata shule. Punje nene za mviringo ziliingia kwenye kikapu cha wageni. Ndefu, nyembamba, zilizopinda, ziliwekwa kando, tukatafuna sisi wenyewe. Ulisema mgeni akipewa punje iliyopinda ataona umemkung'utia masalio ya kikapu. Ikipita hata moja mikononi mwangu uliirudisha mbele yangu bila kusema neno, ukangoja mpaka niione mwenyewe. Kijiji kizima kilijua kwamba kahawa ya kwetu haina kilema. Mpaka leo ninajivunia jambo hilo.

Basi nilikaa mbele ya kompyuta, na vidole vikafanya vilichofundishwa. Kidoa cha mviringo, kibaki. Kirefu, kitoke. Kilichopinda, kitoke upesi. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, na mimi mwenyewe sikujua kwamba ninafanya hivyo. Ungeniuliza siku ile ningekuapia kwamba ninaondoa mikwaruzo ya kamera tu. Profesa alipita nyuma yangu mara kadhaa, akasema nina jicho zuri na mkono mwepesi. Nilifurahi, nikakukumbuka.

Umeshaona kosa liko wapi. Zile ndefu na zilizopinda ndizo zilizobeba ushahidi. Mimi nikawa ninazitoa moja moja, ninabakiza zile ambazo hazikuguswa na kitu.

Hesabu zilipofanywa, uzito ukatoka mdogo, karibu sawa na nyota zinazoonekana. Profesa alizirudia hesabu mara tatu na kila mara zilikuwa sahihi, kwa sababu kosa halikuwa kwenye hesabu. Akaamini tumepata jambo jipya, kundi la galaksi lisilo na kile kitu kizito kisichoonekana. Alikwenda kulisema kwenye mkutano wa wataalamu. Alirudi akituambia jinsi walivyombishia na jinsi alivyowajibu, amechangamka kama kijana. Akaandika makala ya kuchapishwa katika jarida, na jina langu akaliweka la pili baada ya lake. Ndipo nilipokuandikia ile barua ya kwamba kazi yangu imependwa, ukaisoma mbele ya akina mama. Sikukudanganya. Siku ile ndivyo ilivyokuwa.

Nilikuja kujua kwa bahati, na kwa tabia nyingine niliyoitoa kwako, ya kutotupa kitu. Vidoa vyote nilivyoviondoa nilikuwa nimevihifadhi katika orodha yake. Jumatano moja mchana nilitaka kujua kama kamera ina kona mbovu ambako kasoro zinarundikana, nikaiagiza kompyuta inichoree kila kilichoondolewa kilikuwa mahali gani na kimelala vipi. Nilitegemea vitawanyike ovyo. Havikutawanyika. Vilikuwa vimelizunguka lile kundi la galaksi duara baada ya duara, kila kimoja kimelipa ubavu. Nilikaa mpaka chai ikapoa, nikijua kabisa ninachokitazama.

Nilinyamaza hadi Jumatatu. Nakuambia hili pia, maana ningeweza kulificha. Alhamisi nilifika kazini nikanywa chai na wenzangu, nikacheka walipocheka. Orodha ile hakuna mtu mwingine aliyekuwa na haja ya kuifungua. Makala ingechapishwa, nami ndani ya mwaka ningepewa shahada yangu. Nilijiambia kwamba wataalamu wengine watakuja kuligundua kosa baada ya miaka, na hapo litakuwa kosa la kawaida, la watu wote. Nilijitafutia sababu nyingi na zilikuwa sababu nzuri.

Zaidi nilikuwa nakuwaza wewe. Nilikuwa jikoni siku ile Baba Mkubwa aliposema kwenye kikao cha ukoo kwamba binti amesoma vya kutosha, kwamba mwenye duka wa Nkwenda anangojea jibu la posa. Wanaume wote waliitikia, na Baba akainamisha kichwa kwa sababu aliyesema ni kaka yake. Wewe ulikuwa umeingia kuleta maji tu. Ukasimama pale mlangoni ukasema, "Ataendelea kusoma." Ukaweka maji ukatoka. Tangu siku ile Baba Mkubwa hajatia mguu nyumbani kwetu bila kuuliza, kwa ile sauti yake, kama msomi ameshapata huo usomi. Niliona kwamba nikisema kwa Profesa, nitakuwa nimempa Baba Mkubwa jibu alilolingojea miaka yote.

Jumapili nilikwenda kanisani, mahubiri yote yakanipita. Sitakuambia kwamba Mungu alisema nami, maana sikumsikia. Ni kwamba nilishindwa kufanya kazi. Kila nilipofungua picha niliziona zile nilizozitoa.

Jumatatu asubuhi nilibisha mlango wa Profesa nikamwambia, "Ule uzito upo. Mimi ndiye niliyeuondoa."

Alidhani Kiingereza changu kimeteleza, akaniomba nirudie. Sikurudia, nilimwekea mezani karatasi yenye mchoro. Aliitazama. Akauliza ni nani mwingine aliyeiona, nikamjibu hakuna. Akauliza kwa nini niliziondoa. Nikamweleza yote, mkeka, kikapu cha wageni, punje zilizopinda, na jinsi ulivyokuwa unairudisha moja mbele yangu na kungoja. Nilitegemea atacheka au atakasirika.

Alisema, "Mama yako alikufundisha kazi yake vizuri. Mimi sikukufundisha yangu."

Usidhani yaliishia hapo kwa amani. Siku hiyo hiyo aliandika kuirudisha makala isichapishwe, na ikambidi awaandikie wale aliobishana nao, mmoja mmoja, kwamba wao ndio waliokuwa sahihi. Kwa wiki kadhaa alinisalimia kwa kichwa tu. Sikumlaumu. Mtu wa umri wake kuomba radhi kwa vijana si jambo dogo, na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Tukaanza upya. Sasa kila kidoa kinatazamwa na watu wawili, na hakuna anayeruhusiwa kujua kimetoka sehemu gani ya picha, wala kukitoa kwa sababu ya umbo lake peke yake. Ni kazi ya polepole sana. Ilibidi niufundishe mkono wangu kuacha, na mkono ulibisha. Mpaka leo nikiona kidoa kilichopinda kidole kinataka kukiondoa.

Nimemaliza kundi moja tu kati ya yale niliyopaswa kuyamaliza. Uzito upo, Mama, mwingi. Tena haukukaa rundo moja katikati kama tulivyodhani. Kuna marundo mawili. Moja liko pale penye galaksi zinazong'aa, na jingine liko kando, mahali ambapo picha ni kama tupu, huoni kitu. Tumepima tena na tena, bado liko pale. Ramani yake nimeichora mwenyewe na imebandikwa ukutani kwenye chumba chetu cha kazi. Naona fahari kuitazama, hata sasa.

Lakini muda umekwisha. Msaada wangu wa masomo ulikuwa wa miaka mitatu, na zaidi ya nusu yake ilikwenda na lile kosa. Profesa aliwaandikia wafadhili kuniombea mwaka mmoja zaidi. Aliandika vizuri, nilionyeshwa barua, na hakuficha kwamba kosa alikuwa na sehemu yake. Wamejibu kwamba hawawezi. Kazi ya kundi moja haitoshi kwa udaktari. Nitapewa shahada ya chini yake, ile ya uzamili, na makundi yaliyobaki yatamaliziwa na mwanafunzi mwingine wa hapa. Nimeshamkabidhi orodha zangu zote, na zile za vilivyoondolewa pia.

Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni hili. Ninarudi kabla ya msimu wa kahawa, na sirudi Daktari. Nitashuka Dar es Salaam, nitafika Mwanza, nitapanda meli hadi Bukoba, na kutoka hapo nitatafuta gari la Nkwenda. Nimeandika kuomba kazi ya kufundisha fizikia sekondari, na nadhani nitapata, maana walimu wa somo hilo ni wachache. Akina mama waambie mapema ili wasipange mapokezi. Vitenge wavishone tu wavae sikukuu ya mavuno, havijamkosea mtu. Najua watakaokaa kimya wakikuona, na ninajua wewe ndiye utakayepita katikati yao Jumapili, mimi nikiwa bado huku.

Nisalimie Shangazi wa kule Ndama, aliyenifumia sweta la safari. Limechoka viwikoni lakini bado ninalivaa. Msalimie kaka yangu Deogratias na mke wake, na mtoto wao ambaye sijamtia machoni, umwambie shangazi yake anakuja. Msalimie Mama Daforoza jirani yetu, yule aliyetoka Rwanda akiwa amembeba mwanawe mgongoni, umwambie kwamba katika kanisa la huku nilikutana na mtu wa kwao tukaimba wimbo mmoja, yeye kwa lugha yake mimi kwa yangu. Mchungaji naye msalimie, wala usimpe barua hii asome mbele ya watu. Baba msomee wewe, mkiwa wawili.

Baba Mkubwa mpelekee shikamoo yangu kwa heshima yote. Akikuuliza kama msomi amepata usomi, tafadhali usinitetee kwa uongo. Usimwambie kwamba fedha za wafadhili ziliisha, ingawa ni kweli, wala kwamba Wazungu hawapendi watu wetu, maana hapa haikuwa hivyo. Mwambie nilikosea kazi, hapakuwa na aliyeliona kosa, nikalisema mwenyewe. Akicheka, acha acheke.

Mama, sikuogopa kumwambia Profesa kama ninavyoogopa sasa, nikijua utaufikia mstari huu. Kama umeona aibu kwa ajili yangu, niambie usinifiche, nitaibeba. Ila nakuomba usiniandikie kwamba udaktari si kitu. Kilikuwa kitu, na nilikitaka sana.

Mwanao,
Kokusima